Mtoto wa Katapila

Masika ya mwaka juzi magunia 32 ya viazi yalituozea kando ya njia, kilomita moja na nusu tu kutoka barabara ya Kikondo. Mnunuzi alikuwepo. Fuso lake lilisimama kule juu siku mbili, dereva kajikunja ndani ya blanketi, maana huku kwetu, milima ya Uporoto mkoani Mbeya, mvua ikichanganyika na ukungu baridi huingia mpaka kwenye mfupa. Kilichokosekana ni namna ya kuutoa mzigo bondeni. Wabebaji walibeba siku ya kwanza, siku ya pili wakagoma, na sikuwalaumu, kwa sababu njia ilikuwa imeshakuwa uji. Kigari chetu cha shamba, pamoja na foo wili yake na matairi ya meno makubwa, kilikuwa kimekalia tumbo katikati ya bonde, magurudumu yote manne yanazunguka bila kushika kitu, kama miguu ya mende aliyepinduliwa.

Kwa wasiokijua, ni kigari cha viti viwili vilivyokaa bega kwa bega, usukani kama wa gari, paa la bomba, na nyuma kisanduku kinachobeba magunia mawili bila kulalamika, matatu kwa kulalamika. Shamba ni la shemeji yangu, mume wa dada. Yeye anakaa mjini, mimi ndiye ninayelala huko. Tunalima viazi vya mbegu na njegere kidogo. Ukitoka Isyonje, pale unapoiacha lami ya Mbeya kwenda Tukuyu ukapanda kuelekea Kikondo na Kitulo, udongo ni wa jivu la volkano, mweusi, mwepesi, mtamu kwa viazi. Kiangazi unapaa kama unga. Masika juu unakuwa sabuni, na kwenye mabonde yenye chemchemi unakuwa shimo lisilo na sakafu.

Wiki moja baada ya viazi kuoza, shemeji alinipigia simu usiku.

"Shemeji, umelala? Nimepata dawa ya lile bonde."

Alikuwa ameona video za watu wa Kanada wakivua magurudumu ya vigari kama chetu na kufunga mikanda ya mpira yenye umbo la pembetatu, kisha wanapita juu ya theluji iliyofika kiunoni. Nikamwambia sisi hatuna theluji. Akanijibu kwamba matope ni theluji yenye dharau. Sikuwa na hoja ya kumshinda, na kwa kweli nami nilikuwa nimeshavitamani.

Kuhusu majina: Fundi aliviita cheni, kwa mazoea ya kutengeneza makatapila ya barabarani. Shemeji aliviita mikanda. Watoto wa kijijini walipokiona kigari kimevaa vile vitu wakakiita mtoto wa katapila, na jina likabaki. Mimi nitasema mikanda, na ule mkanda mwingine wa ndani, unaopeleka nguvu kutoka kwenye injini kwenda kwenye giaboksi, nitauita belti ili tusichanganyane.

Seti yetu ilikuja imeshatumika, ndani ya kontena hadi Dar es Salaam, kisha kwenye lori la saruji hadi Mbeya. Bei yake, pamoja na usafiri, ilikaribia pikipiki mbili za mzigo za magurudumu matatu. Ilipofika tukaipandisha kwenye mizani ya viazi. Mikanda ya mbele ilikuwa kilo 54 kila mmoja, ya nyuma kilo 58. Jumla kilo 224. Magurudumu tuliyoyavua yote manne hayakufika kilo 75. Kwa hiyo kabla hatujapakia hata kiazi kimoja, kigari kilikuwa kimebeba gunia moja na nusu la ziada, na gunia hilo lilikuwa limening'inia kwenye habu, yaani vitovu vya magurudumu, na beringi zilizotengenezwa kwa ajili ya magurudumu mepesi. Shemeji aliiangalia ile namba kwenye mizani akasema, "Si neno." Nakumbuka alivyosema, kwa sababu beringi ndizo zilizonijibu miezi mitano baadaye.

Kufunga kwenyewe si kazi ya kutisha. Unapandisha kigari kwa jeki, unaweka magogo chini ya chasi, unafungua nati, unavua gurudumu. Mahali pake unaweka sproketi, lile gurudumu la meno lililo juu ya pembetatu, lenye matundu ya nati kama rimu. Chini ya sproketi kuna fremu yenye vigurudumu vidogo vilivyopangwa mstari, na mkanda wa mpira umevizunguka vyote. Kwa ndani mkanda una meno yanayoumana na sproketi, kwa nje una meno makubwa ya kukamata udongo. Kuna wa kushoto na wa kulia, wa mbele na wa nyuma, na kuna mshale unaoonyesha uelekeo. Mafundi wawili na kijana wetu wa shamba walimaliza kufunga yote minne kabla ya chai ya saa nne.

Kilichobaki ni fimbo za zuio. Hapo ndipo msimu wetu mzima ulipopotelea.

Niifafanue fimbo hii. Gurudumu la kawaida linazunguka lote na habu. Mkanda hauko hivyo. Inayozunguka na habu ni sproketi peke yake. Fremu yenye vigurudumu inatakiwa itulie chini, icheze kidogo tu kufuata vilima na mashimo. Lakini fremu hiyo imening'inia kwenye beringi palepale kwenye habu, na haina kingine kinachoishika. Mkanda ukigoma kwenda, kwa sababu ya tope au kisiki, nguvu ya injini haiendi likizo: inaigeuza fremu nzima. Ni kama mtu anayevuta ndoo kisimani. Ndoo ikinasa, yeye ndiye anayeanza kuvutwa kuelekea shimoni. Kwa hiyo kuna fimbo ya chuma inayotoka kwenye fremu ya mkanda hadi kwenye breketi iliyofungwa chini ya kigari, na kwenye fimbo hiyo kuna mpira mnene unaoiruhusu fremu icheze kiasi, kisha unaizuia.

Sproketi nyingi zinaingia kwenye habu nyingi. Breketi haziko hivyo. Kila aina ya kigari ina chasi yake, na breketi inatengenezwa kwa ajili ya chasi hiyo. Muuzaji alikuwa ametuambia seti yake "inaingia kwenye kigari chochote". Breketi zilizokuja zilikuwa za kigari kingine kabisa, pana kuliko chetu, na matundu yake hayakuonana na matundu yetu hata kwa kulazimishana.

Mtu mwenye akili angesimama hapo. Fundi aliniangalia, nikamwangalia, nje mvua inanyesha, shemeji yuko kwenye simu anauliza tumefika wapi.

"Bosi, nikuchomelee?" akasema Fundi.

"Itashika?"

"Hii flatibaa ya milimita sita? Hii inashika treni."

Akakata flatibaa, akapinda, akachomelea fimbo moja kwa moja kwenye breketi mpya aliyoibuni mwenyewe. Kazi safi kwa macho. Tatizo ni kwamba ule mpira wa kati haukupata nafasi, akautoa. Fimbo ikawa ngumu toka mwanzo hadi mwisho. Mimi nilisimama pale nikaona mpira unawekwa kando, juu ya gurudumu la akiba, na sikuuliza. Sijui ni mara ngapi nimeurudia ule ukimya wangu kichwani.

Siku ya kwanza tuliruka kwa furaha. Kigari kilishuka bondeni, kikapita juu ya lile tope lililokuwa limekimeza, kikatoka ng'ambo ya pili na magunia mawili. Watoto walikimbia nyuma yake wakipiga mayowe. Siku ya tatu nilikuwa narudi nyuma ili nigeuze kwenye kona ya shamba, magunia mawili nyuma na kijana wetu amekaa juu yake. Mkia wa mkanda wa mbele kushoto ukanasa kwenye tuta la viazi. Nikaongeza mafuta kidogo. Nikasikia mlio mmoja kama wa bunduki ya kienyeji, weldi ikaachia, na fremu yote ikasimama wima, ncha inaangalia mbinguni. Mkanda ukalichana bodi la plastiki la mbele, ukaikata paipu ya breki. Kijana alikuwa ameruka chini kabla mimi sijaelewa kilichotokea. Breki ikashuka hadi sakafuni bila upinzani. Kilichotusimamisha ni tope lenyewe, na bahati kwamba tulikuwa mahali tambarare. Mita 80 nyuma yake tungekuwa kwenye mteremko unaoishia kwenye kijito.

Fundi alipokuja hakujitetea. Alipiga magoti akaangalia mahali palipokatika, akasugua kwa kidole gumba, akasema, "Kaka, chuma hakikukatika. Kilichokatika ni pale nilipokizuia kisipumue." Nilimheshimu zaidi kwa neno hilo kuliko ambavyo ningemheshimu kwa kunirudishia hela, ingawa hela nayo ningeipokea.

Breketi zenyewe, za aina ya kigari chetu, ziliagizwa na zikachukua wiki saba. Bei yake kwa zote nne haikufika hata sehemu ya kumi ya bei ya seti. Wiki saba hizo kigari kilirudi kwenye magurudumu, viazi vikarudi vichwani mwa watu, na mimi jioni nikawa nasoma chochote nilichokipata kuhusu mikanda, kwa hasira zaidi kuliko kwa kutaka elimu.

Humo nilikutana na Benjamin Holt. Nilikuwa nimedhani mikanda ilibuniwa kwa ajili ya vita au theluji. Kumbe mwaka 1904 huyu Holt, mtengenezaji wa mashine za kilimo wa Stockton, California, alikuwa na tatizo la bonde letu. Wakulima wa delta ya kule walilima kwenye udongo mweusi wa mboji, laini, na matrekta ya mvuke yalizama humo. Kwanza walijaribu kupanua magurudumu, wakapanua, wakapanua, mpaka mashine ikawa pana kupita kiasi na bado ikazama. Holt akavua magurudumu ya nyuma ya trekta la mvuke, akafunga mikanda ya mbao na cheni, akalijaribu mwezi Novemba mwaka huo. Kampuni inayoitwa Caterpillar ilizaliwa mwaka 1925 kwa kuunganisha kampuni yake na ya mshindani wake Best. Kwa hiyo watoto wetu hawakukosea sana kwa lile jina. Mikanda ya mpira nayo si ya jana: Mfaransa Adolphe Kégresse, aliyekuwa fundi wa magari ya mfalme wa Urusi, aliibuni kwa ajili ya theluji, na kati ya mwaka 1924 na 1925 magari ya Citroën yenye mikanda yake yalivuka Afrika kutoka Algeria hadi Madagaska. Nilimsimulia shemeji. Akauliza kama hao nao walichomelea flatibaa.

Breketi zilipofika, nilikataa kufunga chochote bondeni. Tulifungia kwenye ghala la viazi, penye sakafu ya saruji, mahali pekee shambani kwetu ambapo soda ikilazwa chini haibingiriki. Safari hii mwongozo ulikuwa mezani, ukurasa kwa ukurasa, na Fundi ambaye Kiingereza hakimpendi alikuwa ananiambia, "Soma tena hapo."

Kabla ya kupima tulipakia magunia mawili na mimi nikakaa kwenye usukani, kwa sababu kigari kitupu na kigari chenye mzigo ni viumbe viwili: mzigo unashusha shokapu, na shokapu zikishuka kila kipimo kinabadilika. Tukazungusha usukani hadi mwisho kulia, hadi mwisho kushoto. Kushoto mkanda ukagusa plastiki ya mahali pa miguu. Ukigusa ghalani ukiwa umesimama, porini utakula. Ikabidi tupunguze mzunguko wa usukani kwa kizuizi kilichokuja na breketi. Kigari sasa kinakata kona kwa uvivu, lakini hakijitafuni.

Kisha kunyooka. Tulisogeza kigari mbele mita mbili ili mikanda itulie, tukavuta uzi wa waashi pembeni, tukapima kwa futi umbali kati ya mikanda miwili ya mbele, kwanza kwenye ncha, halafu kwenye mkia. Tofauti ilikuwa sentimita 4. Ncha zilikuwa zinaangaliana kama watu wanaoteta. Kwenye gurudumu kosa kama hilo unaliona matairi yakiisha upande mmoja baada ya miezi. Mkanda umegusa ardhi kwa urefu wa sentimita 70, kwa hiyo kila hatua unaburuzwa kiubavu, usukani unakuwa mzito, na meno ya ndani yananyolewa. Tukaifungua mikanda ya siku zile tatu za mwanzo tukaikagua: kingo za meno upande mmoja zilikuwa zimeng'aa, na vipande vya mpira vilikuwa chini ya fremu kama mabaki ya kifutio cha mwanafunzi. Fundi akarekebisha tairodi, zile fimbo za usukani zinazogeuza magurudumu ya mbele, robo mzunguko kwa robo mzunguko, kusogeza mbele, kupima, kurudi, mpaka namba mbili zikalingana. Hiyo peke yake ilikula saa tatu.

Pembe ya ncha ya mbele nayo ina kipimo, na inarekebishwa kwenye fimbo ya zuio. Ncha ikilala sana inachimba kama jembe. Ikinyanyuka sana kigari kinayumba usukanini na mkia unabeba kazi yote.

Mkazo wa mkanda ulinifurahisha, kwa sababu ndio uliokuwa wa kienyeji zaidi. Mwongozo ulitaja uzito wa kuning'iniza katikati ya vigurudumu viwili na kiasi mkanda unachotakiwa kulegea. Hatukuwa na jiwe la mizani la uzito huo, lakini lita moja ya maji ni kilo moja, na ndoo tunayo. Ukilegeza mno, meno yanaruka kwenye sproketi kwa mlio wa tak-tak-tak unaoumiza roho. Ukikaza mno unaziua beringi za vigurudumu na kigari kinakosa pumzi. Mpira unatanuka ukianza kazi, kwa hiyo tulipima tena baada ya siku ya kwanza, na baada ya wiki. Nati za habu tulizikaza tena baada ya saa moja ya mwanzo, na mbili kati yake zilikuwa kweli zimelegea.

Hapo ndipo masika yaliyofuata yakatukuta tukiwa tayari.

Nina jirani, bibi wa Kisafwa, ambaye shamba lake la njegere linapakana na njia yetu. Siku moja nilikata kona vibaya nikapita ndani ya kingo ya shamba lake, hatua kama kumi. Nikasimama, nikashuka kwenda kuangalia uharibifu, nikarudi. Asubuhi akaniita.

"Mjukuu wangu, njoo uone ulichonifanyia."

"Shikamoo bibi. Naomba unisamehe, usukani…"

"Marahaba. Sisemi dude lako. Angalia miguu yako."

Ilikuwa kweli. Mkanda ulikuwa umezilaza njegere na kuacha alama za meno juu juu. Lakini buti langu la mpira, nilipoteremka kuomboleza, lilikuwa limetoboa udongo na kuacha mashimo ya kina cha kiganja, na kila shimo lilikuwa na mche uliovunjika. Baada ya siku chache njegere zilizolazwa na mkanda nyingi zilisimama. Zile za buti hazikusimama.

Nilichukua futi na daftari. Kigari, mimi na magunia mawili, tukiwa kwenye matairi, ni kama kilo 990, na matairi manne yanagusa ardhi kwa eneo la karibu sentimita za mraba 1,200. Kila sentimita ya mraba inabeba zaidi ya gramu 800. Kwenye mikanda uzito unapanda hadi kama kilo 1,140, lakini eneo linaruka hadi karibu 8,400, kwa hiyo kila sentimita inabeba kama gramu 140. Mimi mwenye kilo 70, ninapotembea na uzito wote uko kwenye buti moja, ninakandamiza karibu gramu 300. Kigari chenye viazi kinakanyaga kwa upole kuliko mwenye viazi. Nilimpelekea bibi hesabu hiyo. Akasema yeye alikuwa amekwisha kuiona bila daftari.

Ila usigeuze papo hapo. Mkanda ukiwa unaenda mbele unabembeleza udongo. Ukiuzungusha usukani wote ukiwa umesimama, unachuna ngozi ya shamba kama unavyochuna ngozi ya mbuzi. Nimejifunza kukata kona pana na kusonga mbele nikikata.

Kwenye bonde, hakuna maneno. Lile bonde lililotulaza siku mbili sasa ni dakika sita. Msimu huo tulitoa magunia 140 bila kuacha hata moja chini, na majirani watatu walitukodi. Lakini kila kitu kina mdai wake, na nilianza kumwona ni nani.

Kwanza petroli. Dumu la lita 20 lililokuwa likivuka siku nne lilikuwa linaishia siku ya pili jioni. Kisha mwendo. Sproketi ni ndogo kuliko tairi, kwa hiyo kila mzunguko unasafiri umbali mfupi, na mshale wa spidi haujui hilo. Kwenye dashibodi nasoma 30, simu inaniambia 20. Kisha belti. Nilikuwa na tabia ya kupanda mlima kwa gia ya juu kwa sababu kwenye magurudumu ilikuwa inakubali. Wiki ya pili nikasikia harufu kama ya ndala iliyoanguka kwenye jiko la mkaa, nikajua. Sasa nikiwa na mikanda na mzigo ni gia ya chini tu, mlima au tambarare, na belti ya akiba inalala chini ya kiti.

Halafu kuna udongo wetu wenyewe. Wale wa Kanada wanapita kwenye theluji, na theluji inapoza mpira na kuulainishia njia. Jivu la volkano ni msasa. Likiwa matope linavumilika, kwa sababu maji yapo. Likikauka, linaingia kati ya meno ya mkanda na plastiki inayouongoza, na kila mzunguko ni kusugua. Nilipokwenda na mikanda hadi Isyonje kwenye barabara kavu, kwa kiburi tu, ili watu wa kituoni waone, nilipofika mpira ulikuwa na joto la kuunguza kiganja. Siku hizi mikanda haitoki shambani. Na kila jioni naosha, hata kama nimechoka, kwa sababu tope lililolala kwenye vigurudumu hadi asubuhi linakuwa tofali, na kigari kinaondoka kikiburuza vigurudumu visivyozunguka. Kwa baridi ya Juni kule juu, hata nyundo inakuwa na kazi.

Mkanda ulinitoka mara moja, kwenye mteremko wa kiubavu. Nilikuwa nakatisha kilima badala ya kukipanda wima, mzigo umelalia upande wa chini, nikakata kona kuelekea juu. Meno yakapanda juu ya vigurudumu na mkanda ukavuka. Kuurudisha ni kulegeza mkazo, kupandisha kwa jeki inayozama kwenye udongo mpaka utafute ubao, na kuukokota kwa mtaimbo. Saa mbili na nusu, kwenye ukungu, taa ni ya simu. Na hapo nikagundua jambo ambalo kwenye magurudumu halikuwepo: zamani nikikwama, nilikwama karibu, mahali ambapo watu wanne na kamba wangefika. Ukiwa na mikanda unakwama mbali, mahali ambapo hakuna gari jingine linaloweza kukufuata. Sasa natembea na ubao, mtaimbo, kamba na mtu wa pili. Peke yangu sishuki bondeni.

Beringi ya habu ya mbele kulia iliachia mwezi wa tano. Ilianza kama mlio wa nzi ndani ya chupa. Nilipotikisa mkanda kwa mikono miwili, ukacheza. Ndani ya mwezi mmoja tukabadilisha pia boli jointi za mbele zote. Fundi alizipanga juu ya turubai, zilizochakaa upande mmoja na mpya upande wa pili, akampigia shemeji picha bila kuandika neno. Shemeji alijibu kwa alama moja ya mtu anayejikuna kichwa, kisha hela ikaingia. Tangu hapo bajeti ya masika ina mstari wa beringi, kama ilivyo na mstari wa mbolea, na grisi inaingia kila Jumamosi.

Mvua zikikatika tunavua. Mwaka huu tulivua wiki ya kwanza ya Juni: mikanda ikaoshwa, ikalazwa juu ya mbao ndani ya ghala, mbali na jua na mbali na dumu la dizeli, na matairi yakarudi. Kigari kilipotoka getini kwenye magurudumu yake kilikuwa chepesi mpaka nikakaribia kugonga mti wa mparachichi.

Juzi shemeji kanipigia tena, usiku vilevile. Kuna mtu wa Makete, anatoa maziwa mashambani, amepata seti ya bei nafuu mtandaoni na anataka ushauri wetu kabla hajatuma hela. Muuzaji amemwambia inaingia kwenye kigari chochote. Nikamwambia shemeji amwambie atulie kwanza, alale chini ya kigari chake na tochi, anipigie picha ya pale breketi inapotakiwa kukaa.

Picha zimeingia leo asubuhi, nne. Ya tatu imetoka giza. Nimemwomba arudie.